Sumu Isiyofuata Kikombe

Rebeka alikuwa amekwisha kukiri, na hilo ndilo lililomnyima raha Sajini Melania Ndaki.

Kwa miaka kumi na tisa ya upelelezi alikuwa amesikia watu wakikiri kwa kuchoka, kwa kuogopa, hata kwa kutaka sifa. Huyu binti wa Ushirombo alikiri kama aliyepiga magoti kwenye kitubio. Alitaja siku, akataja sufuria, akataja kijiko. Alipoulizwa kama kuna mtu aliyemtisha, alisema hapana, polisi wamemtendea vizuri, ila anaomba mama yake asiambiwe kwa simu. Atumwe mtu akamwambie uso kwa uso.

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Ijumaa Rebeka angepandishwa mahakamani hapo Shinyanga kusomewa shtaka la kumuua Eunice, dada mdogo wa bosi wake marehemu, Deusdedit. Mauaji hayana dhamana. Akishasomewa, anatoka mikononi mwa polisi na kuingia gerezani, na kesi za namna hiyo zinaweza kukaa miaka kabla hazijaanza kusikilizwa. Melania alikuwa na mchana mmoja.

Alimkalisha binti kitini, akamwambia aanze upya, taratibu, kama anayemsimulia jirani.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Rebeka alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa Deusdedit, tajiri mwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu kule Geita, aliyeweka mke na watoto hapa Ngokolo. Sebuleni mwake tajiri huyo alikuwa na tangi kubwa la kioo. Samaki wadogo wa rangi walikuwamo, lakini yeye hakuwa mtu wa samaki. Alichokipenda ni majani. Alikuwa ameotesha bustani nzima ndani ya maji. Majani hayo yalikuwa na mbolea yake, unga mweupe kwenye kopo, na kijiko chake kidogo cha plastiki kilichoning'inia kwenye kabati lililobeba tangi. Kila asubuhi kazi ya Rebeka ilikuwa kutia kijiko kimoja majini. Bosi alimwonya siku ya kwanza kabisa: ole wako uionje, hii ukiila unakufa.

Kisha bosi akafa kwa ajali ya gari barabara ya Tinde. Usiku wa tano wa msiba, Rebeka alipika uji wa ulezi kwa wanawake watatu waliolala sebuleni: mjane mwenyewe, Generosa; wifi yake, Eunice; na shangazi wa marehemu, Martina. Vijiko vyote vilikuwa uani kwenye vyombo vya wafiwa. Akanyoosha mkono, akachukua kile cha kabatini, akakipangusa kwa kanga, akakorogea sukari kwenye sufuria. Asubuhi Eunice alikutwa amekufa, Generosa anatapika, na samaki wote wanaelea juu ya maji.

"Kwa nini hukusema asubuhi ile ile?" Melania aliuliza.

"Nilisema, afande. Nilimwambia baba mdogo Eustace. Ndiye aliyewaita nyie."

Melania alifunga daftari akaenda ofisini kwa mkuu wa upelelezi. Mkuu alikuwa mtu wa haki, asiyependa kuonea mtu, lakini pia asiyependa jalada linalozunguka meza mara mbili. Alimweleza tena hesabu yake. Tajiri alikuwa na mtambo, mitambo inatumia sianidi, unga ulikuwa mweupe, samaki wamekufa. Unga umepelekwa kwa mkemia na majibu yatachukua wiki sita au zaidi. Mengine binti amejimalizia mwenyewe mbele ya mlinzi wa amani, yule hakimu anayeandika maungamo.

"Mtu amekiri, Melania. Unatafuta nini?"

"Natafuta kwa nini yule shangazi bado yu hai, afande."

Mkuu alisukuma kiti nyuma.

"Alikunywa vikombe viwili," Melania akasema. "Eunice alikunywa nusu, akamwachia mtoto."

"Mtoto gani?"

"Athanas, wa Generosa. Miaka sita. Naye mzima, anakimbia uani."

Mkuu alitafuta kalamu yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwisho alisema atamwachia Koplo Chacha na pikipiki mpaka saa kumi. Ila akaonya kwamba jalada limekwisha kwenda kwa wakili wa serikali, na karatasi ikishatoka hapa haiitwi kwa mluzi.

Njiani walipitia duka la pembejeo lililo karibu na soko. Mwenye duka aliusoma mwandiko wa kopo kwenye picha ya simu akacheka. Alimkumbuka Deusdedit vizuri, maana wakulima wa nyanya huchukua mbolea ile kwa mifuko, yeye alikuwa akipimiwa robo kilo kama anayenunua sukari ya chai. Je, inaua? Mwenye duka alisema ukila kijiko kizima utashinda chooni, na utajuta, lakini mabaki yaliyogandia kwenye kijiko kilichopanguswa, tena ndani ya sufuria nzima ya uji, hata mbuzi hatikisiki. Hilo onyo la kufa, alisema, ndivyo wanavyowaambia watoto wa nyumbani wasichezee.

"Basi tumemaliza," Chacha alisema wakitoka. "Twende tukamtoe."

"Tumtoe kwa neno la muuza mbolea? Wana mtu aliyekufa, Chacha. Ukiwaondolea muuaji lazima uwape jambo lingine lililoua."

Ngokolo, turubai la msiba lilikuwa bado limesimama, ingawa waliobaki chini yake hawakufika kumi. Makochi ya sebuleni yalikuwa yamepangwa barazani, moja juu ya jingine, kama ilivyo ada: nyumba yenye msiba viti hutolewa nje na wanawake hukaa na kulala chini mpaka tanga liondoke. Melania alipiga ishara ya msalaba mlangoni, akavua viatu.

Eustace, mdogo wake Deusdedit, aliwafuata kabla hawajaketi. Alikuwa amevaa shati la marehemu. Alitaka kujua wanachotafuta tena ilhali muuaji wanaye. Melania alimwomba kuliona tangi, na Eustace akajibu kama mtu aliyefanya kazi nzuri: lile tangi limeleta nuksi tupu. Maji ameyamwaga kwenye mipapai, kioo amempa mtu wa Tinde, kabati amelipasua kuni za kupikia wafiwa. Na ule mtungi wa gesi uliokuwa ndani ya kabati ameupeleka kwa Donatus, mchomelea vyuma.

"Mtungi wa gesi ya kupikia?" Chacha aliuliza.

Eustace hakujua. Kaka yake alikuwa akiujazisha Mwanza, kwa watu wa gesi ya soda. Mpira mwembamba ulitoka kwenye mtungi ukaingia majini, ukawa unatoa mapovu. Mambo ya watu wenye hela.

 Melania aliingia sebuleni.

Kilikuwa chumba kidogo kuliko alivyotarajia. Vigae vyeupe, madirisha mawili yaliyofungwa kwa ajili ya baridi ya Juni na vumbi lake, mlango mmoja wa kutokea uani. Ukutani palibaki alama ya mstatili pale kabati lilipokuwa. Shangazi Martina alikuwa amejinyoosha kwenye kochi moja tu lililoachwa ndani, kwa sababu nyonga zake hazimruhusu kulala sakafuni.

"Mwangaluka, mayu," Melania alimsalimu kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimu mama yake.

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa chini, kama umekuja kwa wema."

Mama huyu alikuwa na umri mkubwa na maneno mengi, na Melania alimwacha ayatoe yote. Usiku ule, kwa maelezo yake, ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Walisali rozari. Mshumaa waliouweka sakafuni mbele ya picha ya marehemu ulikuwa ukiwaka vizuri siku zote nne, lakini usiku ule, baada ya kulala kidogo, aliamka akaukuta umezimika. Akamwamsha Generosa auwashe. Ukawaka kidogo ukazimika. Akawasha tena, ukazimika kabla hajaondoa kiberiti. Walidhani ni upepo, wakauinua wakauweka juu ya meza ndogo kando ya kochi, na hapo uliwaka mpaka asubuhi bila kutikisika.

"Hapakuwa na upepo, mayu. Madirisha yalifungwa."

"Ndiyo maana sikulala tena. Nikajua Deusdedit ana neno hajasema."

Alisikia kitu kingine? Shangazi alifikiri. Alisikia ssss, kama birika linaloanza kuchemka, lakini lile tangi siku zote lilikuwa na makelele yake na hakulijali. Kichwa kilimuuma sana asubuhi. Kutapika, hapana.

Melania aliomba jamvi na magodoro, akaomba yatandikwe kama yalivyokuwa. Generosa mwenyewe ndiye aliyetandika, mwanamke mwembamba aliyejifunga kaniki ya msiba kichwani. Godoro lake lilikuwa kwenye mlango wa uani. La Eunice liligusa kabati. Melania akalala kwenye nafasi ya Eunice, chali, sare na yote, na Chacha akageuza uso kutazama picha ukutani.

Kutoka pale aliona miguu ya kochi. Aliona mwanga chini ya mlango, upana wa vidole viwili, ukiishia kwenye mto wa Generosa. Alikaa hivyo mpaka shangazi akaanza kusali kwa sauti ya chini.

"Chacha," alisema bila kuinuka. "Wote walikunywa sufuria moja. Aliyelala juu ya kochi aliumwa kichwa. Aliyelala mlangoni, penye upenyo, alitapika. Aliyelala hapa hakuamka. Na mshumaa ulikufa chini, ukaishi juu. Sumu haikufuata kikombe. Ilifuata kitanda."

Alipoinuka alimuuliza Generosa kama mumewe aliwahi kuandika chochote kuhusu tangi lile. Generosa alikwenda chumbani akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu, akampa kwa mikono miwili, kama mtu anayefurahi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Deusdedit alikuwa na mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba na kusoma mengine kwenye simu. Lakini alijua alichokuwa akikifanya. Aliandika kwamba majani ya majini yanakula vitu vitatu, mwanga, gesi na mbolea, na vinakwenda pamoja kama mafiga. Kimoja kikipungua, kuongeza kingine ni kuharibu. Taa saa nane kwa siku. Gesi mapovu mawili kwa sekunde, ifungwe nusu saa kabla taa haijazimwa, kwa sababu majani gizani hayali gesi, yanaitoa. Mbolea kijiko kimoja. Chini alikuwa amechora kitu kama balbu ndogo, akaandika: maji ya hapa yakiwa bluu, gesi ndogo; kijani, salama; njano, samaki wanakufa. Na ukurasa wa mwisho, kwa kalamu nyekundu: tarehe tisa, mtungi umejazwa kilo sita, unatosha miezi minne. Alikufa tarehe kumi na nane.

"Chacha, zile picha zako za asubuhi ile."

Koplo alipekua simu. Alikuwa amepiga picha kumi na moja, kama taratibu zinavyotaka, na ya saba ilionyesha tangi likiwa limeondolewa shuka lililolifunika, samaki wakielea. Melania aliivuta kwa vidole. Kwenye kona ya kioo, kwa ndani, paliganda kijibalbu. Maji yake yalikuwa njano kama mkojo.

"Hili shuka linafanya nini hapa?"

Shangazi Martina ndiye aliyejibu, na hakuona haya. Siku ya kwanza tu ya msiba yeye aliamuru taa ya tangi izimwe na tangi lifunikwe. Runinga iligeuzwa ukutani, redio ikazimwa, sasa ile taa ya rangi iwake humu kama baa na mwenye nyumba yuko mochwari? Watu wangesema nini?

"Kwa hiyo siku tano majani hayakuona mwanga."

"Majani yalie na sisi," shangazi alisema.

Melania aliandika. Gesi ilikuwa ikiendelea kidogo kidogo, kwa sababu aliyezoea kuifunga jioni alikuwa amekufa na Rebeka aliachiwa kazi ya kijiko tu. Mapovu mawili kwa sekunde yanaua samaki, hayaui mtu. Karibu kilo sita kutoka zote usiku mmoja ni jambo jingine. Kwa hilo lazima kuna mkono ulioushika mtungi ule.

Karakana ya Donatus ilikuwa nyuma ya barabara kuu. Fundi alisimamisha kazi, akavua miwani, akawaamkia. Ndiyo, mtungi aliletewa na Eustace. Ulikuwa mwepesi, mtupu kabisa. Koki ilikuwa wazi mpaka mwisho. Aliifunga yeye mwenyewe, kisha akaifungua tena kuhakikisha. Na mpira? Mpira ulikuwa umechomoka mdomoni, haukukatwa. Shinikizo limeusukuma, alisema, mpira wenyewe haukuwa na kibano, mtu aliusokomeza kwa mkono tu.

Melania aliyaandika yote. Akaomba aonyeshwe.

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akawapeleka nyuma. Mtungi ulikuwa umening'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti, hauna kitako, umepigwa msasa mpaka unang'aa. Alikuwa akitengeneza kengele ya kanisa la kigango kimoja cha vijijini, walilipia Jumanne. Koki aliitupa kwenye vyuma chakavu, na gari la chakavu lilikwisha kupita kwenda Mwanza. Mpira walichukua watoto, wametengenezea manati.

Chacha aliugusa mtungi kwa kidole. Ukalia, sauti safi.

"Unaweza kuandika ulichoniambia?" Melania aliuliza.

"Naweza. Lakini mwanasheria akiniuliza nitaonyesha nini?"



Saa nane mchana walikuwa tena Ngokolo. Melania alimwomba Generosa watoke wakaketi nyuma ya jiko, ambako Eustace asingesikia. Mjane alikuja na ungo wa mchele akaendelea kuchambua, na Melania akamwacha, maana mikono yenye kazi husema vizuri zaidi. Alimweleza kwa utaratibu: unga wa Rebeka ni mbolea ya nyanya, Eunice ameuawa na gesi ya majani, ambayo haina harufu, ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, na mtu aliifungulia usiku ule kabla ya kulala. Hakusema ni nani. Alisoma kwa sauti mstari mmoja wa daftari: majani yakigeuka manjano, usiongeze gesi kabla hujatazama taa.

Mikono ya Generosa ilisimama.

"Hilo sikulisoma," alisema.

Melania alimgeuzia ukurasa auone.

"Yeye alikuwa akiniambia gesi ndiyo chakula chao. Kila mara. Mama Athanas, tazama yanavyokula. Nilifunua shuka usiku ule nikayaona yamekuwa manjano, yanaachia mizizi, yanaelea vipande vipande. Nikaona hata haya yananifia. Nikafungua kabati. Yeye alikuwa akizungusha kidogo tu. Mimi nilizungusha mara mbili, nikafunga mlango wa kabati, nikaenda kulala." Aliitazama mikono yake. "Kilikuwa kitu chake pekee kilichokuwa kinapumua humu ndani, afande."

Jikoni mwanamke mmoja aliimba kidogo akanyamaza. Melania alimweleza ambacho sheria ilimtaka amweleze: kwamba halazimiki kusema zaidi, na kwamba akisema litaandikwa. Generosa alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama anavyosikilizwa daktari.

"Nikisema, Rebeka anatoka leo?"

Melania angeweza kumpa jibu jepesi. Alikuwa amewaona wenzake wakilitoa, na karatasi zikatiwa saini.

"Hapana. Kesho atasomewa shtaka kama lilivyo. Jalada liko kwa wakili wa serikali, na Rebeka mwenyewe amekiri. Maneno yako yatakwenda juu ya maneno yake, kisha tutangoja mkemia. Miezi. Sijui mingapi."

"Na mimi?"

"Wewe nitakuchukua sasa hivi."

"Eustace atasema nilimuua dada yake. Atasema na kaka yake pia nilimroga. Nyumba hii hawataniachia hata kizingiti."

"Naweza kuandika kwamba hukukusudia. Hayo mengine siyawezi, mama."

Generosa aliuinua ungo, akapuliza makapi, akauweka chini tena bila kuumaliza. Alimwita Athanas, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akamwambia aende kwa mama mwenye genge nyumba ya tatu na asirudi mpaka aitwe. Kisha aliingia ndani. Melania alisikia sauti ya shangazi ikiuliza, na sauti ya Generosa ikijibu kwa Kisukuma, polepole, kwa muda.  Generosa alitoka amevaa viatu vya kwenda kanisani na amebeba mfuko wa rambo wenye kanga mbili.

Eustace alikimbilia pikipiki akitaka kujua shemeji yake anapelekwa wapi. Chacha alimwambia anakwenda kutoa maelezo, na hilo lilikuwa kweli.

Mkuu wa upelelezi alisoma kurasa nne alizoandika Melania, akatazama picha ya saba, akasoma daftari la bluu mpaka kalamu nyekundu. Alizisoma zote mara mbili. Alipomaliza alisema anaamini kila neno. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole kile ambacho wakili atauliza: mtungi uko wapi, koki iko wapi, mpira, kabati, maji. Eunice amezikwa, na kwenye sampuli za tumbo lake wanatafuta sumu, si gesi. Kilichopo ni mjane mmoja anayesema ni yeye na binti mmoja anayesema ni yeye.

"Nitaandika barua leo hii," alisema. "Lakini kesho binti anakwenda mahakamani. Siwezi kulivuta shtaka kwa mkono wangu."

"Najua, afande."

"Asubuhi tulikuwa na mwanamke mmoja ndani kwa kosa hili. Sasa tunao wawili, na hakuna anayetoka. Ulikuwa unataka hivi?"

Melania alisema hakutaka hivi. Alichukua funguo mwenyewe.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye mkeka mmoja. Rebeka alikuwa ameketi pembeni. Alipomwona Generosa anaingia na mfuko wake wa rambo alidhani bosi wake amekuja kumtazama, akainuka haraka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Generosa hakuitikia. Alisubiri mlango ufungwe nyuma yake, na ulipofungwa alisema yote akiwa amesimama, kwa maneno machache kuliko aliyompa Melania: kwamba kijiko hakikumuua Eunice, kwamba ile haikuwa sumu, kwamba ni yeye, kwa mkono wake, na kwamba hata hivyo kesho Rebeka atakwenda.

Binti alitazama nondo, akimtafuta Melania usoni, kama anayetaka mtu mwingine alithibitishe. Melania aliitikia kwa kichwa. Rebeka alifunika mdomo kwa mikono miwili, na mabega yakamshuka taratibu, kama aliyetua ndoo ya maji aliyoitoa mbali. Alilia kidogo bila sauti. Halafu aligeuka, akauvuta mkeka kutoka upande wa choo, akaukung'uta, akautandika ukutani palipokuwa pakavu.

"Kaa huku, mama," alisema. "Upande ule sakafu ina maji."

Melania alisimama akingoja sababu ya kuufungua ule mlango. Haikuwepo. Alizungusha ufunguo mara ya pili, akaujaribu mlango kama taratibu zinavyotaka, akaenda kuandika muda kwenye kitabu.